SIMU NI YAKO, KAZI NI YA MWAJIRI



Siku hizi vijana wetu wengi hapa Singida wanafanya kazi kwa simu. Wapo wanaonunua alizeti kwa niaba ya wenye mashine za kukamua mafuta. Wapo wanaopeleka mizigo kwa pikipiki. Mwajiri huwaambia, "Weka programu hii katika simu yako." Lakini simu yenyewe kijana kainunua kwa fedha zake. Haya, tujifunze.

Programu ya kazi hufanya nini?

Huandika saa ya kufika kazini, magunia yaliyonunuliwa na mahali mfanyakazi alipo. Zamani mambo hayo yaliandikwa kwenye daftari. Lakini daftari lilibaki ofisini. Simu tunakwenda nayo nyumbani, msibani, hata kitandani.

Tuseme kijana ananunua alizeti Kiomboi. Ameiruhusu programu ijue mahali alipo saa zote. Jumapili anampeleka mkewe hospitali. Ofisini wanaweza kuona. Akiiruhusu isome majina na ujumbe, itaona namba za ndugu zake na fedha alizotumiwa. Ndugu hao hawakuulizwa! Programu nyingine zikipewa usimamizi wa simu, zinaweza kuifuta simu yote, pamoja na picha za watoto.

Sisi tuliopitia kisomo tunajua hatari ya kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Kubonyeza neno "Kubali" ni sawa na kutia dole.

Sheria inasemaje?

Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Anayekusanya habari za mtu lazima awe na sababu halali, na asichukue zaidi ya zinazohitajika. Mwenye habari ana haki ya kuambiwa, kuziona na kusahihisha zenye makosa. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo hupokea malalamiko. Jirani zetu Kenya na Uganda walitunga sheria za namna hii mwaka 2019.

Mwajiri naye ana haki ya kujua kazi yake na fedha zake zinakwendaje. Hatusemi programu zikataliwe. Tunasema tuulize kwanza.

Mambo ya kufanya

1. Muulize mwajiri: programu inachukua habari gani? Nani anaziona? Zinakaa muda gani?
2. Fungua Mipangilio ya simu, tazama Ruhusa. Mahali ulipo, ruhusu wakati wa kutumia programu tu. Majina, picha na ujumbe usiruhusu kama kazi haivihitaji.
3. Omba simu ya kazi ikiwezekana.
4. Ukiacha kazi, toa programu hiyo. Kwanza weka picha zako mahali pengine.
5. Kama wafanyakazi ni wengi, ulizeni kwa pamoja. Mmoja peke yake huogopa kufukuzwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Daftari la kazini na programu ya simu vinatofautianaje?
2. Kijana wa Kiomboi angefanya nini kabla ya kubonyeza "Kubali"?
3. Katika kijijini kwenu, nani anatumia simu yake kwa kazi ya mtu mwingine? Msomeeni somo hili.