Mizani ya Mwili Haiuzwi Mnadani

Msimu wa pamba unapokwisha na wakulima wa Simiyu wakashalipwa fedha zao, wachuuzi nao hufika minadani na magulioni wakiwa na vipaza sauti. Mlaji anaweza kuonyeshwa bangili ya shaba, mkanda wa sumaku au vidonge ambavyo, kwa maneno ya muuzaji, huamsha mishipa ya fahamu na kumwondolea mzee kuyumba. Kabla hujafungua pochi, inafaa ujue mizani ya mwili inavyofanya kazi. Mkulima wa pamba hafundishwi umuhimu wa kukagua mizani.

Hakuna mtu asimamaye tuli kama nguzo. Mwili huyumba kidogo wakati wote, na mfumo wa fahamu huurudisha katikati kabla mwenyewe hajatambua. Taarifa za kazi hiyo hutoka mahali patatu: kwenye macho, kwenye sikio la ndani, ambamo mifereji mitatu midogo yenye majimaji hupima mizunguko ya kichwa, na kwenye nyayo, misuli na viungo. Ubongo huzilinganisha, kisha huiamuru misuli ya miguu na kiwiliwili. Katika karne ya 19, daktari Moritz Romberg wa Berlin alieleza habari za wagonjwa waliosimama vizuri macho yakiwa wazi, lakini wakayumba walipoyafumba, kwa kuwa taarifa za miguuni zilikuwa hazifiki tena. Ndivyo ilivyo kwa mzee mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi: mchana hutembea bila shida, usiku huanguka akienda chooni, hasa wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbugani unapoteleza.

Mizani hii hufundishika. Mtoto wa kijijini huanza na kopo la maji kichwani, likafuata dumu dogo, kisha ndoo, hata shingo na mgongo vikajirekebisha vyenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya ulionyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada katika kutembea. Hapakuwa na kifaa walichouziwa.

Mtu mzima naye hujifunza. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, huenda misuli isinenepe, ilhali kuyumba kumepungua: kilichobadilika ni amri zinazotumwa. Vipimo vimeonyesha kwamba mwitikio wa haraka wa uti wa mgongo, ule unaokaza mashavu ya miguu kwa ghafla, hutulizwa, na ubongo hupata nafasi ya kuusimamia mwili. Mapitio ya mwaka 2019 yaliyokusanya majaribio 108, yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalibaini kwamba mazoezi hupunguza mianguko ya wazee waishio majumbani kwa takriban asilimia 23. Hiyo si ahadi kwamba hutaanguka; ahadi za namna hiyo ni za mnadani.

Hata vifaa halali vya mazoezi vina mpaka wake. Mfumo wa fahamu hujifunza hasa kile unachozoezwa, hivyo aliyezoea kusimama juu ya ubao unaobembea huwa hodari wa ubao huo. Jizoeze, basi, kwa mambo uyafanyayo kila siku: kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, kugeuka, kuvuka tuta, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Simama kwa mguu mmoja kando ya ukuta, mtu akiwa karibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wazee wafanye mazoezi ya aina hii siku tatu au zaidi kwa wiki. Zoezi likiwa jepesi mno, liongezee ugumu.

Ukishawishika kununua, muulize muuzaji kama dawa au kifaa tiba hicho kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kisha udai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani; asiye na risiti wala kifungashio hupata tabu kuthibitisha dai lake.

Baadhi ya dawa halali, zikiwemo za shinikizo la damu na za usingizi, huleta kizunguzungu. Usiziache kwa uamuzi wako. Zipeleke ulivyonazo kwa mganga wa kituo chako, na uulizie huduma ya fiziotherapia, au ufike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata, Bariadi. Mtu aliyeanza kuyumba ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, asianzishiwe zoezi lolote. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.