Kifaransa Bila Hofu: Hali Tegemezi ya Wakati Uliopita

Huenda mwajiuliza Kifaransa kimeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili. Msitie shaka, hatujahama! Goma na Bukavu, huko mashariki mwa Kongo, watu huzungumza Kiswahili sokoni na kusoma Kifaransa darasani. Lugha hizi mbili ni majirani, na jirani hufaa kujuana.

Wengi wanaosoma Kifaransa hufunga daftari wakifika kwenye subjonctif passé, yaani hali tegemezi ya wakati uliopita. Ati ni ngumu! Mimi nasema ajuaye Kiswahili ana nusu ya somo hili mdomoni tayari.

1. Tuanzie nyumbani

Hali tegemezi ni ile ya kutaka, kuamuru au kuomba: nataka usome, lazima afike. Alama yake ni -e mwishoni. Hata Kikamba kinayo: nĩnenda ũsome.

Sasa tuseme kiranja anatangaza: "Saa mbili mfagie bwalo." Saa mbili ikifika ndipo mnashika fagio, si ndiyo? Lakini akisema: "Saa mbili muwe mmefagia bwalo," mambo ni mengine kabisa. Saa mbili ikikuta vumbi chini, mna kesi ya kujibu.

Tazameni muundo. Kitenzi kisaidizi "kuwa" kimepata -e: muwe. Kitenzi kikuu kimechukua -me- ya kitendo kilichotimia: mmefagia. Maneno mawili tu.

2. Kifaransa nacho

Kifaransa hufanya vivyo hivyo. Kisaidizi avoir huwekwa katika hali tegemezi, kisha hufuata umbo timilifu la kitenzi kikuu. Tuchukue finir, maliza:

que j'aie fini – niwe nimemaliza
que tu aies fini – uwe umemaliza
qu'il ait fini – awe amemaliza
que nous ayons fini – tuwe tumemaliza
que vous ayez fini – muwe mmemaliza
qu'ils aient fini – wawe wamemaliza

Kazi ni kukariri maumbo sita ya avoir. Neno fini halibadiliki hapa.

Vitenzi vichache, vingi vikiwa vya kwenda na kuja, huchukua être badala ya avoir. Miongoni mwavyo ni aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, naître na mourir. Maumbo ya être ni: sois, sois, soit, soyons, soyez, soient. Hapa umbo timilifu hukubaliana na mtenda: qu'il soit arrivé, lakini qu'elle soit arrivée, wakiwa wengi, qu'ils soient arrivés. Msione ajabu. Sisi nasi husema kitabu kiwe kimefika, vitabu viwe vimefika.

3. Jina linalopotosha

Hapa ndipo wengi huteleza. Wakisikia "wakati uliopita" hudhani ni habari za jana. La! Someni hii: Il faut que le bus soit parti avant midi. Maana yake: Ni lazima basi liwe limeondoka kabla ya saa sita mchana. Pengine sasa ni saa mbili asubuhi na basi la Wote lingali linapakia magunia. Hakuna kilichopita. Linalosemwa ni kwamba kitendo kitimie kabla ya wakati fulani. Basi mkumbuke -me-, wala si -li-.

4. Mahali njia zinapoachana

Undugu huu una mpaka. Mfaransa hutumia hali hii hata anapoeleza furaha, huzuni au shaka juu ya jambo lililokwisha kutokea. Husema: Je suis content que tu sois venu. Ukifuata neno kwa neno utaandika "Nimefurahi uwe umekuja", na hapo mwalimu wa Kiswahili atakunyang'anya alama kwa haki. Mswahili husema: Nimefurahi kwamba umekuja. Kwetu -e ni ya jambo linalotakiwa, na mgeni akishaketi kitini hatumtaki tena aje!

Vilevile baada ya bien que, yaani ingawa: Bien qu'elle ait étudié, elle n'a pas réussi. Kwa Kiswahili ni: Ingawa alisoma, hakufaulu. Hatusemi "ingawa awe amesoma".

Basi kabla ya kutafsiri jiulize: jambo hili linatakiwa, au limekwisha kuwa? Likitakiwa, tumia awe ame-. Likiwa limekwisha kuwa, liseme kama lilivyo.

5. Zoezi

Tafsiri:
(a) Ninataka muwe mmemaliza kabla ya saa sita mchana. (Kifaransa)
(b) Il faut qu'elle soit partie avant midi. (Kiswahili)
(c) Je suis content que vous ayez fini. (Kiswahili)

Majibu: (a) Je veux que vous ayez fini avant midi. (b) Ni lazima awe ameondoka kabla ya saa sita mchana. (c) Nimefurahi kwamba mmemaliza.

Aliyekosa (c) arudi sehemu ya nne. Aliyepata zote tatu amwelekeze jirani yake wa dawati, maana elimu haipungui kwa kugawanywa. Kwaherini, na kabla ya kengele ya prepu muwe mmejaribu!