Kigeuzi kipya, sauti ileile

*Mimi ni mpenzi wa taarabu asilia, naishi Tanga. Mwaka huu nimenunua kigeuzi cha sauti cha nje, kile ambacho mafundi hukiita DAC. Nimekichomeka kwa USB kwenye laptop yangu ya Windows, kisha nikavuta waya hadi kwenye amplifaya aliyoniachia mzee wangu. CD zangu, zikiwemo za kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, nimezinakili kwenye kompyuta kwa FLAC, muundo usiopunguza chochote kwenye sauti. Nyimbo nyingine nimezishusha YouTube. Fundi aliniambia nipandishe namba hadi mwisho, biti 24 na hezi 192,000. Nimefanya, lakini sisikii tofauti. Tena ujumbe wa WhatsApp ukiingia, mlio wake unaingilia wimbo, na wimbo ukiisha nasikia mvumo kwenye spika. Je, nimetupa pesa?*

*Mpenzi wa Ganuni, Tanga*

Nianze na huo mlio wa WhatsApp, maana ndio unaotoboa siri.

Ukisikia ujumbe na wimbo kwa pamoja kwenye spika zilezile, ujue sauti hizo mbili zimechanganywa ndani ya kompyuta kabla hazijafika kwenye kigeuzi. Windows huhudumia programu nyingi zinazotaka kusikika kwa wakati mmoja, na ili zote zitokee mlango mmoja, huzilazimisha zifuate kipimo kimoja cha sampuli, yaani idadi ya vipande vya sauti katika kila sekunde. Kipimo hicho ndicho fundi alichokwambia ukipandishe. Sasa, CD zote, tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, zina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Ulipoweka 192,000 hukuiongezea ganuni, ala ya nyuzi uipendayo, mlio hata mmoja. Uliiamuru kompyuta ibuni sampuli za kujaza nafasi ambazo rekodi yenyewe haina, na hesabu yake haigawanyiki sawasawa. Kigeuzi chako hupokea kazi hiyo ikiwa imekwisha kufanyika.

Wala 44,100 si namba ya kimaskini. Inabeba sauti zinazokaribia hezi 22,000, ilhali sikio zima la kijana huishia karibu na 20,000. Sikutishi pia: kompyuta za leo hufanya hesabu hiyo vizuri, na wasikilizaji wengi hawatatambua kilichobadilika. Lakini umenunua kifaa kwa ajili ya kazi hii, basi muziki ukifikie ulivyo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Chagua kigeuzi chako, bofya Properties, halafu Advanced. Hapo rudisha hezi 44,100. Biti ziache 24, hazina madhara: kompyuta huongeza sifuri tu mwishoni mwa kila sampuli, na nafasi hiyo itakufaa siku utakapopunguza sauti kwenye kompyuta. Chini yake utakuta visanduku viwili vinavyoiruhusu programu kukimiliki kifaa peke yake. Hakikisha vimetiwa alama. Ukiona pia sehemu ya Enhancements, zima kila kilichomo. Hayo madoido ya kuongeza besi na kupanua sauti huharibu rekodi ya taarabu kuliko namba yoyote tunayoijadili hapa.

Visanduku hivyo havitoshi peke yake, programu ya kuchezea muziki nayo lazima iombe umiliki huo. Mimi hupendekeza foobar2000, ambayo ni ya bure. Bonyeza Ctrl na P, nenda Output, na kwenye orodha ya vifaa chagua jina la kigeuzi chako lililoandikwa exclusive. Kabla hujacheza wimbo wowote, shusha kitufe cha sauti cha amplifaya, kwa sababu sauti inaweza kutoka kwa nguvu usiyoitarajia. Kuanzia hapo kigeuzi kitafuata kipimo cha faili yenyewe, na kama kina kioo kitaonyesha 44.1. Mwombe rafiki akutumie ujumbe wakati wimbo unaendelea. WhatsApp ikinyamaza kwenye spika hizo, umefaulu. Ikilia, rudi Output uangalie tena. (Wenye Mac hubadilisha kipimo katika programu iitwayo Audio MIDI Setup, na huko mara nyingi itabidi wakibadilishe kwa mkono.)

Kitelezi cha sauti kwenye kompyuta kiache mwisho, upunguze kwa amplifaya. Na kwa kuwa amplifaya yako ni ya zamani, angalia nyuma yake: waya wa kigeuzi uingie palipoandikwa AUX, CD au TUNER. Usiuingize PHONO. Tundu hilo ni la santuri, hukuza sauti kupita kiasi na kuvimbisha besi.

Mvumo ni habari nyingine, wala usihangaike nao kwenye mipangilio. Chomoa chaja ya laptop, usikilize kwa betri. Mvumo ukipotea, chanzo ni umeme unaozunguka kupitia waya wa ethi kati ya chaja na amplifaya. Jaribu kuvichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, sikiliza kwa betri. Yuko fundi atakayekushauri ukate pini ya ethi. Usikubali, pini hiyo inalinda uhai wako.

Zimebaki zile nyimbo za YouTube. Zilibanwa zilipopandishwa huko, na kwa kawaida hubanwa tena mtu anapozigeuza kuwa MP3. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, hata ukizihifadhi upya kwa FLAC. Vivyo hivyo kwa rekodi za kale: mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa mitambo ya wakati ule, na hakuna kipimo cha sampuli kitakachozidisha kilichonaswa siku ile. Kwa rekodi kama hizo, tafuta nakala iliyohamishwa kwa uangalifu kutoka kwenye santuri nzima, isiyochakaa.

Pesa hukutupa. Kwa maelezo yako, kigeuzi ni kizima, kasoro iko kwenye mpangilio na kwenye baadhi ya faili. Usinunue kigeuzi kingine wala waya wa USB wa bei kubwa. Ukipata fedha nyingine, nunua CD halisi.