Injini Inapolia na Gari Kukosa Nguvu

Gari kongwe ya dizeli inayobeba abiria kati ya Makunduchi na Darajani inapoanza kutoa sauti ngeni na kukosa nguvu, mmiliki asikimbilie kununua vipuri. Chanzo hutambuliwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutazama moshi. Moshi mweusi huonesha kuwa injini inakosa hewa au inapata mafuta kupita kiasi. Chujio la hewa, ambalo huziba kwa vumbi la njia za shamba, likaguliwe mwanzo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imepata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi iliyoungua.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Mluzi unaozidi gari inapovuta mzigo mara nyingi hutokana na mpira wa hewa uliopasuka. Mvumo wa injini ukipanda bila ya mwendo kuongezeka, huenda klachi inateleza na injini haina kosa.

Sauti nzito ya kugonga chini ya injini, hasa taa ya oili ikiwaka, haina subira: huenda beringi zimelika. Dereva aweke gari kando kwanza, kwa kuwa injini ikizimwa breki na usukani huweza kuwa vizito; kisha aizime na kuwashusha abiria kwa usalama. Akijikaza kufika mjini, konrodi inaweza kuvunjika na injini iliyokuwa ikitengenezeka ikawa chuma chakavu.