KISU KIPYA CHA KUKUNJA: NAMNA YA KUKIZOEZA KAZI NA KUKITUNZA

Somo letu safari hii ni juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Mtauliza, kisu nacho kina somo gani? Hapa Wang'uru kila mtu ameshika mundu na panga tangu utotoni.

Ni kweli. Lakini panga likiwa butu mtu huongeza nguvu na kazi inaendelea. Kisu cha kubebesha miche, yaani kugrafti kama tunavyozoea kusema, kikiwa butu mche unakufa, na wewe hujui mpaka wiki kadhaa zimepita. Tulitembelea kikundi kimoja cha kitalu ambacho vijiti vingi vya maembe vilikuwa vimekauka. Wanachama walikuwa wameanza kunung'unikiana. Wengine walisema aliyefunga nailoni hakukaza, wengine wakasema vijiti viliibiwa uhai njiani kwa jua. Tukaomba kuona kisu. Kilikuwa kipya, cha miezi miwili tu, lakini kilikuwa kimekata kamba za magunia, kimemenya miwa, na kimefungua kopo la rangi. Tulipojaribu kukata kijiti kibichi nacho, mkato ulitoka umechanika kama kitambaa kilichovutwa. Mikato miwili iliyochanika haishikani. Maji ya mti hayapiti. Basi hapakuwa na mkosaji wa kutafutwa pale. Palikuwa na kisu kimoja kilichopewa kazi za visu vinne.

Kwanza tujue chuma chenyewe. Visu vya kukunja ni vya aina mbili kubwa. Kuna vya chuma cha kaboni, ambavyo hunoleka upesi na kupata makali mazuri, lakini hushika kutu. Halafu kuna vya chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, ambavyo mara nyingi huhitaji muda zaidi kwenye jiwe. Kisu maarufu cha Okapi, ambacho jina lake ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka wa 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na tangu 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Hicho ni cha kaboni. Wafaransa nao wana Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka wa 1890, chenye mpini wa mbao. Huuzwa kwa vyuma vyote viwili. Kama hujui chako ni cha aina gani, dondosha tone la ndimu karibu na mpini, subiri dakika kumi, upanguse. Likiacha alama ya kijivu, hicho ni cha kaboni.

Sasa kisu kimefika, bado kigumu kufungua. Watu wengi hukosea hapa. Wanachukua koleo na kuvuta, au wanagonga kiungo kwa nyundo. Msifanye hivyo. Ugumu huo mara nyingi ni grisi iliyoganda pamoja na vumbi la chuma lililobaki kutoka kiwandani. Kifungueni kikiwa kimeelekea mbali na mwili, mkioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, msugue ndani ya kiungo kwa mswaki wa zamani, kisha mkaushe vizuri na kukianika kikiwa wazi. Halafu tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye msumari wa kiungo. Fungua na kufunga polepole mara thelathini au arobaini. Mafuta yatatoka meusi. Panguseni, tieni tone jingine, endeleeni mpaka yatoke safi. Siku mbili tatu za namna hiyo, na kisu kitakuwa kinafunguka kwa kidole gumba bila kupigana nacho.

Juu ya mafuta tunataka kusema zaidi, kwa sababu tumeona mambo. Mafuta ya kupikia hufaa siku ya kwanza, lakini baadaye huganda yakawa kama gundi, na kiungo kinakuwa kigumu kuliko mwanzo. Oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwa matatu ina unga wa chuma ndani yake, na si nzuri kwa ngozi ya mkono. Mafuta ya taa husafisha lakini hukauka, hayaachi kinga. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, ambayo fundi yeyote wa nguo anayo, itakitosha kikundi kwa muda mrefu sana.

Mpini wa mbao hunywa maji na kuvimba, halafu kisu hakifunguki tena. Hapa kwetu penye mifereji kila upande jambo hilo huja haraka. Usiuache ndani ya karai. Usugue kwa nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, mara mbili tatu kwa mwaka. Ndugu zetu wa Mbeere wana nyuki wengi, nta si shida.

Kabla ya kukipa kazi, jaribuni kifungio. Kuna visu ambavyo jembe lake hushikwa na springi tu, bila kufuli. Hivyo ukisukuma vibaya hujikunja juu ya vidole. Vyenye kufuli au pete, fungua kabisa, weka vidole mbali na njia ya makali, kisha bonyeza mgongo wa jembe taratibu juu ya ubao. Kikijikunja, rudisheni dukani. Na hata kile chenye kufuli imara msikitumie kuchokolea wala kupasulia kuni. Mtu akikatwa, abane jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, aoshe kwa maji mengi na sabuni, na kama ni refu au lina udongo aende zahanati kuulizia sindano ya pepopunda. Udongo wa shamba si wa kuchezea.

Tukija kwenye kunoa. Makali ya kiwandani mara nyingi si makali ya kazi, kwa hiyo kisu kipya nacho hunolewa. Jiwe zuri lina pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Jiwe laini la mtoni, lile wazee wetu waliloliita inooro, bado linafaa kumalizia likiwa bapa. Lakini ile mashine ya umeme ya kunolea mapanga sokoni, jamani, iacheni kwa mapanga. Jembe dogo hupata moto kwa sekunde chache, ncha inageuka bluu, na chuma kilichogeuka bluu kimelainika. Utakinoa leo na kesho ni butu tena.

Lowesha jiwe maji. Kwa kisu cha kawaida chenye jembe la upana wa sentimita mbili, inua mgongo wake kwa kimo cha unene wa penseli, kisha sukuma makali mbele kama unayetaka kuchonga jiwe ngozi nyembamba. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, bila kubadilisha mwinuko. Endelea mpaka uhisi, ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kwamba kuna ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Ukingo huo ndio dalili kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Hamia upande laini wa jiwe, punguza nguvu, halafu maliza kwa kuburuta jembe juu ya mshipi wa zamani wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Visu vingi vya kugrafti havinolewi hivyo. Vimechongwa upande mmoja tu, upande mwingine ni bapa, ndiyo sababu hutoa mkato ulionyooka. Noa upande uliochongwa peke yake. Ule bapa ulaze kabisa juu ya jiwe laini, upitishe mara mbili tatu kuondoa ukingo uliojikunja, basi. Akija mtu na kuunoa pande zote mbili kama kisu cha jikoni, mkato utaanza kupinda na kisu kimeharibika kwa kazi yake.

Msijaribu makali kwa kidole. Kata kijiti kibichi chenye unene wa penseli kwa mshazari, kwa mkono mmoja usiosimama. Uso wa mkato ukiwa laini na unang'aa, kisu kiko tayari. Ukiona nyuzi, rudi kwenye jiwe.

Katika wiki za kwanza kisu cha kaboni kitageuka kijivu, hasa kikikata maembe na vitunguu. Msiogope wala msikisugue kwa waya wa sufuria. Rangi ile husaidia kuzuia kutu. Kutu ni ile ya rangi ya udongo mwekundu, na hiyo iondoeni mara moja kwa msasa laini na mafuta.

Kila jioni utomvu upanguswe, kisu kikaushwe na kupakwa mafuta kidogo. Asubuhi kabla ya kugrafti yaondoeni kabisa kwa kitambaa na spiriti, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mkato yanazuia mti kushikana. Spiriti hiyo pia husafisha kisu baina ya mti na mti, kwani magonjwa husafiri juu ya makali. Mnakumbuka mnyauko wa bakteria wa migomba, uliotambuliwa Uganda mwaka wa 2001 na kuonekana magharibi mwa Kenya mwaka wa 2006: njia yake moja kubwa ni visu na mapanga yasiyosafishwa. Kwa panga la migombani tumieni jiki, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, au moto. Kisu kidogo msikiweke motoni, na kama kimeguswa na jiki kioshwe na kutiwa mafuta saa ile ile, maana jiki hula chuma.

Jambo la mwisho ni la kikundi chenyewe. Tunashauri kisu cha kugrafti kiwe na mwenyewe mmoja, aandikwe katika daftari la vifaa, na pawe na kisu kingine cha bei rahisi cha kamba na magunia. Kikitoka kitaluni kiwe ndani ya mfuko wa kazi. Sheria ya Kenya haipendi mtu anayetembea hadharani na silaha akitisha watu, na kijana aliyekutwa nacho usiku karibu na baa atapata kazi ngumu kueleza habari za maembe.

Kwa mkutano wenu ujao, leteni visu vyote vya kikundi mezani na jiwe moja. Jaribuni kila kimoja kwa kijiti kibichi. Kisha jadilianeni: ni kipi kimefanya kazi isiyo yake? Ni nani kati yetu anajua kunoa vizuri, na atawafundisha wawili wengine lini?