Vitamini D kwa wasiokula nyama wala maziwa: jua, uyoga na lebo ya kopo

Jiji la Nakuru liko karibu na mstari wa ikweta, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapa jua lina nguvu Januari hadi Desemba, na vitamini D ndiyo vitamini ambayo mwili hujitengenezea wenyewe ngozi ikipigwa na jua. Kwa hesabu hiyo, mkazi wa Nakuru hangehitaji kuwaza habari za vidonge. Lakini madukani vidonge vimejaa, bei zake hazilingani, na wakazi wasiotumia mazao ya wanyama hawajui ni kipi kinawafaa na kama wanakihitaji kwanza.

Watu hawa ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wapo Wahindu na Wajaini ambao familia zao zimeishi hapa kwa vizazi kadhaa, baadhi ya Waadventista, Marastafari, na vijana walioamua kula mimea pekee. Wapo pia wale ambao hawakuamua lolote: mfuko ndio uliowaamulia. Nyumba inayokula ugali na sukuma wiki Jumatatu hadi Jumapili, yai likiwa la sikukuu, iko katika hali ileile kilishe, ingawa hakuna anayeiita kwa jina la kifahari.

Kazi ya vitamini D ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ikipungua kwa muda mrefu, mifupa ya mtoto haikazi inavyostahili. Miguu hupinda anapoanza kusimama, vifundo vya mikono huvimba, meno huchelewa kuota. Hayo ndiyo matege. Kwa mtu mzima mifupa hulainika, na dalili huwa maumivu ya kiuno na mapaja na uchovu wa misuli ambao wengi huulaumu uzee au kazi nzito.

Vyakula vyenye vitamini D kwa wingi ni vichache, na karibu vyote ni vya wanyama: samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai. Maziwa ya kawaida yasiyoongezewa kitu yana kiasi kidogo mno. Jambo hili huwashangaza wengi wanaodhani kwamba kuacha maziwa ndiko kunakowakosesha vitamini D. Kinachokosekana zaidi mtu akiacha maziwa ni kalsiamu, na hilo litarudiwa hapa chini.

Kuhusu jua, kuna utafiti mmoja wa jirani unaofaa kujulikana. Mwaka 2012 watafiti kutoka Uholanzi walichapisha vipimo vya damu za Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao Tanzania. Wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati kiwango ambacho wataalamu wengi hukitaja kuwa cha kutosha ni 50. Wamaasai ni wafugaji wanaokunywa maziwa. Wahadzabe ni wawindaji na waokota matunda, asali na mizizi. Vyakula vyao ni mbalimbali, lakini wote hushinda nje. Jibu liko kwenye jua.

Tatizo ni kwamba maisha ya mjini hayako nje tena. Miale inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo kuota jua ukiwa ndani ya ofisi au matatu hakusaidii. Mtoto anayelelewa kwenye chumba cha ghorofa huko Kaptembwa, mama akiwa kazini na mlezi akiogopa kumtoa nje, anaweza kukaa siku nyingi bila jua kumgusa. Kule Molo, Mau Narok na Kuresoi, ambako baridi huuma na ukungu hukaa hadi saa nne, watoto wachanga hufungwa blanketi na kofia mwaka mzima. Naivasha nako maelfu ya watu hushinda ndani ya vivungulio vya maua. Plastiki nyingi za vivungulio hutengenezwa kwa namna ya kuchuja miale hiyohiyo, kwa hiyo mfanyakazi hutoka kazini akiwa amechomwa na joto bila kupata faida ya jua.

Kipimo rahisi ni kivuli. Kivuli cha mtu kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, miale inayotakiwa inafika. Kikiwa kirefu kumpita, kama ilivyo asubuhi na mapema au jioni, inayofika ni kidogo. Ule ushauri wa zamani wa kumwotesha mtoto jua la saa moja asubuhi humpa joto na furaha lakini humpa vitamini kidogo sana. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kidogo kuliko nyeupe, kwa sababu weusi wake ni kinga. Kwa mtu mzima, nusu saa hivi katikati ya asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Watu wenye ualbino wasifuate ushauri huu hata kidogo. Kwao jua ni hatari ya saratani ya ngozi, na wakihitaji vitamini D waipate kwa chakula au kidonge.

Kwenye mimea chanzo cha vitamini D ni kimoja tu cha maana, na kwa hakika si mmea: uyoga. Uyoga una kitu ambacho kikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D2, kama ngozi ya binadamu inavyofanya kwa njia yake. Ila uyoga unaouzwa madukani hukuzwa ndani ya vyumba vyenye giza, na hivyo huwa na vitamini D kidogo mno. Dawa yake haigharimu kitu. Uyoga wa kununuliwa ukatwe vipande, upangwe kwenye ungo au sinia, upande wenye mikunjo uelekee juu, na uanikwe juani kati ya saa tano na saa nane mchana kwa saa moja au mbili. Vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimeonyesha kuwa gramu 100 za uyoga mbichi ulioanikwa hivyo mara nyingi hupata mikrogramu 10 au zaidi, ambayo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Sehemu kubwa hubaki hata baada ya kupikwa. Anayetaka kuuhifadhi aukaushe kabisa na kuuweka kwenye kopo linalofungwa vizuri, mbali na mwanga na unyevu, na autumie ndani ya miezi michache.

Uyoga wa msituni unaochipuka baada ya mvua ni habari nyingine. Mwenye kuujua aujue, na asiyeujua auache, kwa maana upo unaoua na kuuanika hakuondoi sumu.

Sasa vidonge. Kwenye lebo mtu atakuta D2 au D3. D2 hutengenezwa kutokana na hamira au uyoga uliomulikwa kwa miale, kwa hiyo haina mnyama. D3 nyingi hutoka kwenye mafuta ya sufu ya kondoo, na nyingine kwenye mafuta ya maini ya samaki. Kondoo hachinjwi ili kutoa sufu, na kwa sababu hiyo wapo wasiokula nyama ambao hukubali D3 ya namna hii, wengine huikataa. Huo ni uamuzi wa mwenye kula, mradi aufanye akijua. Katika miaka ya karibuni imepatikana D3 inayotoka kwa laikeni, viumbe vile vya kijivu au kijani kibichi vinavyoshika magome ya miti na mawe. Wakazi wa pembezoni mwa msitu wa Mau huona aina moja ikining'inia kwenye miti kama ndevu za mzee. Hii isichumwe wala kutafunwa kwa kutafuta vitamini! Ya vidonge hutoka kwa aina zilizochaguliwa na kusafishwa kiwandani, na ile ya ndevu ina kemikali iliyowahi kudhuru maini ya watu.

D3 hupandisha kiwango cha vitamini D kwenye damu na kukishikilia vizuri kuliko D2. Tofauti hiyo ipo, lakini haimaanishi kwamba D2 haina kazi. Ikimezwa kila siku, D2 hufanya kazi, na matege yamekuwa yakitibiwa nayo kwa miongo mingi. Kopo la D3 ya laikeni likiwa na bei ya kutisha, hakuna sababu ya mtu kukopa ili alinunue.

Lebo ina mtego mwingine. Dawa iliyo ndani inaweza kuwa haina mnyama, lakini ganda la kidonge likawa la jelatini, ambayo huchemshwa kutoka kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Anayekwepa mnyama atafute ganda lililotengenezwa kwa nyuzi za mimea, au achukue vidonge vigumu au matone, na hata hapo asome orodha yote. Neno "asilia" lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo halimhakikishii lolote.

Kuhusu kipimo, miongozo inayotumiwa na wengi hutaja yuniti 400 kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, 600 kutoka hapo hadi miaka 70, na 800 kwa aliyepita umri huo. Yuniti hizo huandikwa IU, na 40 kati yake ni mikrogramu moja. Mtu mzima asivuke 4,000 kwa siku bila daktari. Makopo ya 5,000 na 10,000 yanauzwa, na wapo wanaoyameza wakidhani kingi ni bora. Vitamini D haitoki kwa mkojo ikizidi. Hujilimbikiza mwilini, kalsiamu ikapanda kwenye damu, mtu akapata kiu isiyoisha, kutapika, kuchanganyikiwa na hata kuharibika figo. Mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kupata mawe ya figo, na anayetumia dawa za moyo au za shinikizo la damu azungumze na daktari kwanza. Kidonge kimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, parachichi linatosha.

Kuna jambo ambalo wauza vidonge hawalitaji. Vitamini D bila kalsiamu ni kama fundi aliyefika kwenye mjengo usio na mawe. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti kutoka Jos, Nigeria, kuhusu watoto wenye matege katika nchi yenye jua tele. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Chakula chao kilikuwa cha nafaka, kama cha kwetu. Kenya nayo ina historia yake. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ulinganisho wa afya za Wamaasai na Wakikuyu, wakaonyesha kwamba mlo wa nafaka na mizizi ulikuwa na upungufu mkubwa wa kalsiamu. Ripoti hiyo ina mtazamo wa kikoloni, na watu waliosukumwa kwenye ardhi finyu hawakuchagua mlo wao; lakini hoja ya kalsiamu bado imesimama.

Kwa asiyekunywa maziwa, wimbi ndilo lenye jibu la bei nafuu. Gramu 100 za wimbi zina miligramu 340 hivi za kalsiamu, na unga wa mahindi haufikishi hata 20. Uji wa wimbi wa asubuhi, ufuta, maharagwe na sukuma wiki yenyewe husaidia. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini mwili huipata kwa shida.

Unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani kwa kanuni za mwaka 2012 ni lazima uongezewe vitamini na madini, miongoni mwake madini ya chuma, zinki, vitamini A na B12. Vitamini D haimo. B12 iliyomo ni ya manufaa makubwa kwa wasiokula mazao ya wanyama, kwani haipatikani kwenye mimea na upungufu wake huharibu neva. Kwa anayesaga mahindi yake kwenye kinu cha mtaa na kupata jua la kutosha shambani, pesa za kopo moja ni afadhali ziende kwa B12 kabla ya vitamini D.

Mwisho, si kila mguu uliopinda katika kaunti hii ni wa vitamini D. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi kwenye maji ya visima vingi, mara nyingine kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo hutia meno rangi ya kahawia, na ikizidi hupinda mifupa, hasa ya mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu. Mzazi anayeona miguu ya mwanawe ikipinda baada ya umri wa miaka miwili, au ikipinda zaidi badala ya kunyooka, ampeleke kituo cha afya apigwe picha na kupimwa damu, na aseme wazi maji ya nyumbani hutoka wapi na mtoto hula nini. Kidonge cha dukani hakitaondoa floraidi. Vichujio vilivyoenezwa na Dayosisi Katoliki ya Nakuru huiondoa, ila hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe; kwa familia ambayo hilo ni kikwazo, maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi hayana floraidi ya kutia wasiwasi.