Namna ya Kuongoza Somo la Msalaba Jumuiyani

Kwaresima ikikaribia, wengi wanaoongoza jumuiya huku Kikwe, Arumeru, hupangiwa zamu ya kufundisha habari ya msalaba. Mara nyingi somo huwa fupi: Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, tusome, tuombe. Watu huitikia "Amina", chai inaletwa. Njiani ukimuuliza mmojawapo kifo cha mtu aliyesulubiwa nje ya Yerusalemu kinaondoaje dhambi ya mkulima wa Arumeru, atakujibu, "Ni imani tu, ndugu yangu." Si jibu baya. Ila halimsaidii kijana wa kipaimara anayetaka kujua kwa nini Mungu, mwenye kuweza yote, asisamehe tu yakaisha, bila damu ya mtu.

Anza na swali la huyo kijana, na kabla ya kufungua Biblia waletee wanajumuiya kesi ya maji. Wote wanazijua. Mtu kafungulia mfereji usiku, zamu ya jirani yake, na nyanya za jirani zilizokuwa kwenye maua zimekauka. Afanye nini? Watakujibu haraka: aombe radhi, atozwe faini, amlipe mwenzake. Waache wabishane kiasi, maana hapo ndipo hata wale wa viti vya nyuma husema. Kisha uliza: na kama hana kitu cha kulipa? Mwenye shamba akisema "nimekusamehe", hasara haikuyeyuka. Kaibeba yeye. Ndiye atakayekopa mbegu msimu ujao, ndiye atakayeuza mbuzi ili mtoto aende shule. Kusamehe kuna gharama, na anayeilipa ni yule aliyekosewa. Tulia hapo, usikimbilie aya inayofuata. Ikibidi, somo zima la wiki hiyo liwe hilo tu.

Ukishavuka hapo, jihadhari na kosa ambalo hata wahubiri wazuri hulifanya. Tumezoea vikao vya mshili, yaani kiongozi wa ukoo, na wazee wake, kwa hiyo ni rahisi kumchora Mungu kama mzee aliyekasirika anayedai faini, halafu Yesu kama kijana mpole anayekuja kumtuliza. Picha hiyo inaingia kichwani upesi, na mtu anaondoka akimpenda Yesu huku akimwogopa Baba. Paulo hasemi hivyo. Katika 2 Wakorintho 5:19 anayepatanisha ni Mungu mwenyewe, ndani ya Kristo. Sisi ndio tuliokuwa tumempa kisogo. Baba hakuhitaji kubembelezwa ili atupende. Aliyekosewa alikuja mwenyewe, katika Mwanawe, akaibeba hasara.

Kwa watoto wa kipaimara, fungua Mambo ya Walawi 16. Sura hiyo walimu huiruka kwa kuiona ngumu, lakini watoto waliochunga mbuzi wanaielewa kuliko sisi. Mbuzi ni wawili, wanapigiwa kura. Mmoja anachinjwa na damu yake inaingizwa patakatifu. Wa pili hachinjwi: kuhani anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, anaungama makosa ya taifa zima, kisha mbuzi anapelekwa nyikani akiwa hai. Waulize watoto kwa nini wawili. Wape muda. Kuna atakayesema kwamba mmoja anasafisha na mwingine anaondoa kabisa, na huyo atakuwa amefika. Hapo waambie kwamba sherehe ile ilirudiwa kila mwaka, na ndiyo sababu mwandishi wa Waebrania, sura ya 9 na ya 10, anarudia tena na tena kwamba Kristo alijitoa mara moja tu.

Mabishano ya wanateolojia yaache chuoni Makumira. Inatosha ujue kwamba yapo. Anselm, mwishoni mwa karne ya 11, alilieleza jambo hili kama deni la heshima. Gustaf Aulén, mwanateolojia wa Sweden ambaye baadaye alikuwa askofu, akaandika mwaka 1930 kwamba mkazo wa kwanza wa Kanisa ulikuwa ushindi wa Kristo dhidi ya dhambi, mauti na ibilisi. Kwa maoni yangu, huku kwetu maelezo haya ya pili yanastahili nafasi kubwa kuliko tunayoyapa. Mtu anayelala akihofia laana ya marehemu babu yake hana haja ya kuambiwa habari za deni tu. Msomee Wakolosai 2, mstari wa 13 hadi wa 15, ambako deni linafutwa na wenye mamlaka wanavuliwa silaha, yote kwa pamoja.

Mifano ya kwetu ipo, ila itumie kwa uangalifu. Akeri, mwendo mfupi kutoka hapa, ndipo wamishenari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa Oktoba 1896, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Kapteni Johannes, ofisa wa Kijerumani, alitoka Moshi na jeshi akalipiza kisasi: watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa kwa wingi, na baadaye Wameru na Waarusha wakashurutishwa kujenga Boma la Arusha. Mwaka 1902 misheni ikarudi, ikafungua kituo Nkoaranga. Wahubiri hupenda kuisimulia kama hadithi ya msamaha, na kweli msamaha umo. Lakini usiipambe. Waliorudi na Injili walirudi nyuma ya bunduki, na wazee wanaikumbuka habari ya ng'ombe. Wasomee wanajumuiya Hesabu 35:31, ambako Sheria inakataa fidia kwa uhai wa muuaji, halafu uwaulize: ng'ombe wale walilipa nini?

Kisha litakuja swali la kurudisha. Kama Yesu amelipa, nyanya za jirani nizilipe za nini? Hapo nenda kwa Zakayo, Luka 19, na uangalie mpangilio. Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza. Ahadi ya kurudisha mara nne inafuata. Halipi ili aokoke. Ameokoka, na mkono unafunguka. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki miaka ya 1930, ulijulikana kwa hilo: watu waliotubu walirudisha majembe, fedha na mifugo waliyoiba. Anayetaka kufanya hivyo leo mshauri aende mchana, si usiku. Asipeleke maneno matupu kama ana kitu. Na asiungame mbele ya jumuiya dhambi inayomhusu mtu mwingine asiyekuwepo. Nimeona ushuhuda ukivunja ndoa mbili kwa dakika tano. Na akitokea mtu wa kumwambia kwamba dhambi yake haitaondoka mpaka anunue chupa ya mafuta ya upako, mwambie akanunulie watoto daftari.

Mwisho, kuna yule atakayebaki baada ya wengine kuondoka, akwambie ametubu mara nyingi na moyo haujatulia. Usimwongezee mfungo. Usimwambie imani yake ni ndogo. Walutheri tunayo maungamo ya faragha, ingawa wengi wetu tunadhani ni ya Wakatoliki peke yao. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, inayafundisha waziwazi. Mtu anahitaji kusikia msamaha ukitamkwa kwa jina lake, na mtu mwingine, kwa sauti. Mpeleke kwa mchungaji, na mpeleke kabla ya Jumapili ya Mitende, kwa sababu wiki ya Ijumaa Kuu mchungaji anazunguka mitaa yote ya usharika na hutampata.